Kisiki Kilichotaka Kuimbiwa

Mji wa Kilangome ulitawaliwa na Sultani Badhawi bin Nasiri, na sultani huyo alipenda ngoma kuliko chakula, na katika mwaka wa tano wa enzi yake aliagiza ngoma kubwa ambayo ikipigwa kwake isikike mpaka nchi ya jirani. Basi Fundi Bori, mchonga ngoma hodari kuliko wote, akaingia msituni na watu wake, akaukata mninga mnene ambao watu watano wakishikana mikono hawauzungushi.

Kumbe mti ule ulikuwa nyumba ya jini.

Ulipoanguka, moshi wa kijani ukatoka kisikini, na ndani ya moshi akasimama jini mwenye ndevu za kuvu na macho mekundu kama utomvu wa mninga.

"Ewe mwanadamu, umenivunjia nyumba ili bwana wako apate kelele?"

"Nisamehe, Bwana. Sikujua kama ina mwenyewe."

"Ulibisha hodi?"

Jini akamvuta, akamzamisha kisikini mpaka magotini, na gamba la mti likaanza kumpanda mwilini. Kisha akawaambia watu wa Fundi Bori, "Mwambieni sultani wenu kwamba hamjui kuimba bila kukata, kutoboa na kufunga. Niletewe muziki wa vitu ambavyo mkono wa mtu haukuvikata, haukuvitoboa wala haukuvifunga. Nikiusikia, nitamwachia. Nisipousikia, adhuhuri ya siku ya saba gamba litamfika puani."

Fundi huyu alikuwa na binti mmoja, Mwanajaha, na binti huyo alikuwa na tabia ya kugonga kila kitu kwa kifundo cha kidole ili asikie kinasemaje. Aligonga maboga sokoni, aligonga kuta, aligonga mitungi ya watu. Majirani walimcheka, "Mwanajaha, na mume utamgonga kichwa?"

Naye huwajibu, "Kabla ya mahari, shoga. Nijue kama kitupu."

Siku ya kwanza wakaenda wanamuziki wa sultani, wakiongozwa na Shaha Mbarawa, mkubwa wao, aliyevaa joho la hariri. Wakapuliza baragumu la pembe. Jini akauliza, "Tundu hili nani alilitoboa?" Wakatikisa kibuyu. "Nani alikikata shingo?" Siku ya pili wakapiga makofi, jini akapiga miayo, akasema, "Nimeomba vitu, sikuomba viganja." Siku ya tatu Shaha akasema ana homa.

Mwanajaha akaenda kisikini, akamtazama baba yake, gamba limefika kiunoni.

"Baba, unaumia?"

"Siumii, mwanangu. Nasikia maji yakipanda ndani ya miguu yangu. Ajabu, miaka yote nimekata miti na sikujua kama ina mwendo ndani."

Mwanajaha akafuta machozi, akatoka kwenda mbugani. Akagonga kila alichokikuta, ila safari hii kila alipogonga alisema kwanza, "Hodi." Akakuta majabali yamepasuka kwa jua, akagonga kipande kimoja kikalia kama kengele, akagonga cha pili kikalia chini zaidi. Akakuta maganda makavu ya mti wa mbaraka yameanguka yenyewe, na mbegu zikicheza ndani kama mvua juu ya makuti. Akakuta gogo ambalo mchwa wamelila moyo likabaki wazi huku na huku. Kisha akasikia mluzi, wala hapakuwa na mtu. Akaufuata mpaka kwenye mgunga wenye vinundu vyeusi kati ya miiba, na kila kinundu kina tundu, na upepo ukipita unaimba.

"Hodi," akasema. "Nani aliwatoboa?"

Sisimizi wakatoka tunduni, wakamng'ata kidole. Akacheka huku analia, kwa maana jibu alikuwa amelipata. Akaviacha vya mtini pamoja na wenyewe, akaokota vilivyoanguka na kuhamwa.

Siku ya sita akasimama mbele ya jini. Kwa mazoea ya karakana ya baba yake, alikuwa ameyafunga maganda miguuni kwa kamba, apate kupiga mawe kwa mikono na kucheza kwa miguu. Jini akainamisha kichwa, akasikiliza, halafu uso wake ukasawijika.

"Kamba hiyo nani aliifunga?"

Mwanajaha akaifungua kamba, akayavua maganda. Gamba lilikuwa shingoni mwa baba yake.

Akakimbia mpaka barazani kwa sultani, akapiga magoti. "Bwana wangu, vitu ninavyo, mikono sina. Visipofungwa, mtu mmoja hawezi kuvipiga vyote. Nipe watu waje waketi chini, kila mmoja ashike kimoja."

Shaha Mbarawa akaguna. "Mimi niketi mavumbini, nitikise ganda pamoja na wapagazi? Labda homa inirudie."

Ndipo Sultani Badhawi akavua viatu, akasema, "Mti ule niliuagiza mimi. Binti, nipe ganda."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, watu mia moja waliketi kukizunguka kisiki, wapagazi na mawaziri goti kwa goti, na Shaha naye akiwa nyuma ameshika jiwe kama mtu aliyeshika chura. Gamba lilikuwa limeufika mdomo wa Fundi Bori, macho tu ndiyo yaliyosema. Mwanajaha akagonga gogo kwa jiwe, polepole, mwendo wa maji yanayopanda ndani ya mti. Mawe yakajibu. Maganda yakaingia, la sultani likichelewa kila mara, na watu wakaanza kucheka, na kicheko kikaingia mahali pake ndani ya mdundo.

Vinundu vya mgunga alivipanga juu ya kisiki, lakini havikulia, kwa maana siku ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa unyoya.

Jini akasikiliza. Mabega yake yakashuka. Akakumbuka nyumba yake, akashusha pumzi ndefu, na pumzi ile ikapita juu ya vinundu, navyo vikaimba vyote kwa pamoja.

Jini akashtuka. "Nani amepiga hivyo?"

"Wewe, Bwana," akajibu Mwanajaha. "Tulikuwa tunakungoja."

Jini akacheka mpaka ndevu zikamwaga kuvu, na gamba likabanduka vipande vipande, na Fundi Bori akaanguka mikononi mwa bintiye.

Sultani akampa Mwanajaha nyumba yenye ua mpana na mali ya kutosha, na akataka kumwoza mwana wa waziri papo hapo. Mwanajaha akasema, "Bwana wangu, bado sijajua sauti zote. Niache nijifunze kwanza." Akaachwa, akajifunza, akafundisha kila aliyetaka, na jini akahamia kwenye mgunga. Mwaka wa saba baada ya siku ile aliolewa na mfinyanzi aliyempenda, baada ya kumgonga kichwa, na harusini haikupigwa ngoma hata moja, ila mawe na maganda, na sultani akachelewa vilevile.

Fundi Bori aliendelea kuchonga, lakini hakukata tena mti bila kuweka sikio lake juu yake kwanza na kubisha hodi. Hayo ndiyo mafunzo ya hadithi hii: duniani kila kitu kina mwenyewe, na anayebisha hodi ndiye anayekaribishwa. Nami nimefika mwisho. Asiyeamini aokote mawe mawili, ayagonganishe, asikilize.