Sahani ya Kwanza ya Hatibu

Sogeeni karibu, na mwenye usingizi akanawe uso kabisa, maana hadithi hii nikishaimaliza mimi, kazi itabaki kwenu.

Walikuwepo wanawake watatu. Wa kwanza, Mwanahamisi, alijaliwa subira. Wa pili, Fortunata, alijaliwa moyo mgumu. Wa tatu, Siwatu, alijaliwa tumbo lisilochagua. Msicheke. Kila kipaji kilikuwa na kazi yake, na vyote vitatu vilimwangukia kijana mmoja wa Tanga aitwaye Hatibu.

Hatibu alizaliwa na mikono isiyotulia. Akitaka kushika kikombe, mkono ulikwenda kushoto, ukarudi, ukapitiliza. Maneno nayo yalimtoka taratibu, lakini akili zake zilikuwa timamu, na aliyemsubiri amalize kusema alicheka naye sana.

Mwanahamisi ndiye mama yake. Alimlisha kwa mkono wake tangu utotoni hadi kijana akaota ndevu, tonge kwa tonge, naye mwenyewe akila mwisho, chakula kimeshapoa. Ndugu walimwambia, "Unajichosha bure, huyo hana faida." Akawajibu, "Mimi sikuzaa faida, nimezaa mtoto." Mgongo ulipoanza kumsumbua, akajiuliza nani atamlisha mwanawe siku yeye akifumba macho. Ndipo alipompeleka Mlango Mpana, nyumba ya shirika moja la hisani linalowapa watu wenye ulemavu mahali pa kuishi na watu wa kuwasaidia. Alimwacha pale, akalia njia nzima ya kurudi.

Fortunata alikuwa mhudumu wa nyumba hiyo. Mchana wa kwanza Hatibu alikaa mezani, akafungua kinywa, akangoja. Fortunata akamwekea sahani, akavuta kiti, akakunja mikono.

"Nilishe, dada."

"Sikulishi, kaka. Kijiko hicho hapo."

Siku hiyo wali mwingi uliliwa na sakafu. Hatibu alimwita katili mbele za watu, na Fortunata akaokota kijiko, akakiosha, akamrudishia. Kesho yake hivyo hivyo. Alimtafuta fundi wa vyuma, akamtengenezea kijiko chenye mpini mnene, pamoja na pete ya chuma ya kushikilia sahani mezani isipinduke. Lakini kumlisha, hata tonge moja, alikataa katakata, mpaka Hatibu akaweza kula mwenyewe.

Siwatu alikuwa mkazi mwenzake, haoni tangu alipougua surua akiwa mdogo. Siku moja alimsikia Hatibu akigombana na Fortunata, akamwita jikoni.

"Wewe kwa kelele umejaliwa. Njoo tuone na kupika."

"Na mikono hii?"

"Na macho haya je? Njoo bwana!"

Akamfundisha kusikiliza sufuria: maji yakinong'ona bado, yakipiga kelele tia mchele. Hatibu akapika, na kila alichopika, Siwatu alikila. Alikula wali mbichi, akala ulioungua, akala kunde zenye chumvi ya kutosha kijiji kizima. Wengine walisukuma sahani zao kando. Yeye alilamba vidole akasema, "Kesho punguza chumvi kidogo." Kuna mara tumbo lilimlaza siku nzima. Alipoamka alikuja jikoni na sahani yake mkononi, akauliza leo kuna nini. Kama chakula kile cha kwanza kingemwagwa, Hatibu asingerudi kwenye jiko tena.

Basi siku ikafika. Hatibu akakabidhiwa ufunguo wa chumba chake mwenyewe, uani pale pale, chenye kitanda, jiko na mlango anaoufunga yeye. Na Mlango Mpana wana desturi yao: anayepata ufunguo hupika, na sahani ya kwanza humpa mtu mmoja, yule ambaye bila yeye asingefika hapo. Wengine hula baadaye. Lazima awe mmoja, kwa sababu, wanasema, ukiwashukuru wote kwa mpigo, kila mtu hudhani ameshukuriwa mwenziwe.

Hatibu akapika wali wa nazi na kunde. Haukuungua. Akapakua mwenyewe, akainua sahani kwa mikono miwili, akageuka. Wanawake watatu walikuwa wamekaa mkekani.

Furaha ilimjaa, kisha akasita. Bila wa kwanza asingekuwa hai. Bila wa pili angekuwa anafungua kinywa mpaka leo. Bila wa tatu angepika mara moja akaacha. Mmoja alimlisha, mmoja alikataa kumlisha, mmoja alikula alichopika. Aliwapenda wote, na alijua kwamba kila atakayemruka atatabasamu, halafu ataumia kimya kimya.

"Mpe mama," alisema Fortunata. "Mimi ilikuwa kazi yangu."

"Hakuna kazi inayomtaka mtu atukanwe kila siku," alisema Siwatu. "Mpe Fortunata. Mimi nilikuwa na njaa tu."

Mwanahamisi aliinamisha kichwa. "Usinitazame mimi, mwanangu. Miaka yote ile nilikulisha, wala sikuwahi kukuuliza kama unataka kushika kijiko. Siwatu huyu alikula sumu zako, akarudi na sahani yake tena. Mpe yeye."

Hatibu akasimama katikati ya chumba chake. Sahani ikatikisika, mchuzi ukafika ukingoni, haukumwagika. Mama yake akanyoosha mkono kumsaidia, kama alivyozoea, kisha akaurudisha, akaukalia.

Wanawake watatu, sahani moja, na wote watatu wamekwisha kumkatalia. Je, wewe ungeamua vipi? Sema upesi, mikono yake inachoka.