Mwalimu Aliyejibu "Vizuri Sana"

Hadithi hii imenifikia leo asubuhi nikiwa bado kitandani, na mpaka sasa ni kama sijatoka ndani yake. Naileta kwako kama ilivyonijia.

Katika nchi moja ya milima palikuwa na shule ya watoto wasioona. Ukungu wa huko huingia darasani bila kupiga hodi, ukakaa kwenye madawati kama mwanafunzi. Mtu akisimama mlangoni, huonekana kama ndoto ambayo haijaamua kama itaendelea. Watoto hawakuuona ukungu huo, lakini waliujua kwa mashavu.

Mwalimu wao aliitwa Eliamani. Alikuwa mcha Mungu, mpole, mtu wa kushukuru hata kwa chai isiyo na sukari.

Kompyuta ya shule ilikuwa imezeeka. Binti mmoja fundi wa mjini, jina lake Tusekile, ambaye Eliamani hakuwahi kuonana naye, akamtumia mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta. Karakana yao ilikuwa bado inautengeneza, ukawa mfumo wa majaribio. Akampigia simu.

"Mwalimu, huu ni wako bure. Sisi hatuna printa ya nukta nundu kama yako, za aina hiyo zimebaki mashuleni tu. Wewe ndiye utakayetujulisha. Ukisema uko sawa, tutaupeleka shule zote za wasioona kabla ya mitihani. Kikiharibika kitu, niambie."

"Nitakuambia, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mfumo ukaingia, na kompyuta ikawa nyepesi. Shida ikawa printa. Printa ile huinua nukta ndogo juu ya karatasi nene, na watoto husoma kwa vidole. Sasa kila herufi iliyohitaji nukta ya chini upande wa kushoto ilitoka bila nukta hiyo. Palipoandikwa "lala", watoto wakasoma "baba".

Eliamani hakukaa bure. Alichomoa waya akauchomeka tundu jingine. Alizima, akawasha. Alijua kwamba kati ya kompyuta na printa kuna kiprogramu kinachofanya kazi ya mkalimani, mafundi hukiita draiva. Akaifuta draiva, akaiweka upya. Akajaribu ile ya zamani, kompyuta ikaikataa kabisa. Mwisho akaiwekea printa mkono, akaiombea kama anavyoombewa mgonjwa. Printa ikanguruma, ikatoa ukurasa uleule wenye mapengo.

Kila jioni kidirisha kiliibuka kwenye kioo na kuuliza: Mfumo unaendeleaje leo?

Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Ukiulizwa habari, kwanza unajibu nzuri, hata kama nyumba inaungua nyuma yako. Eliamani akaandika: "Vizuri sana. Tunamshukuru Mungu, na ninyi pia." Akabonyeza tuma.

Halafu aligeuza karatasi, akachukua kalamu ya chuma ya kutobolea, akaanza kuzitia nukta zilizokosekana, moja moja, kwa mkono. Ukungu ulipita dirishani polepole. Ukimya ukawa mzito, nukta zikawa kama punje za ulezi, na mara nyingine alisinzia akijiona anapanda mbegu katika shamba jeupe lisilo na mwisho. Alizinduka vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Mkewe, Namkunda, alimkuta hivyo.

"Baba Ndekirwa, wewe umeoa mimi au umeoa hiyo mashine?"

"Nanyoosha tu kidogo, Mama Ndekirwa."

"Kidogo, na vidole vimevimba hivyo! Waambie wenyewe printa yao haifanyi kazi."

"Mtu amekupa kitu bure, umwambie ni kibovu? Huo si utovu wa shukrani? Na binti wa watu amejitahidi, nimvunje moyo?"

"Basi siku ukiumwa, daktari akikuuliza unaumwa wapi, mwambie huumwi popote. Umshukuru kwa kukuuliza!"

Eliamani alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Moyoni alijipa matumaini kwamba mafundi wataiona kasoro wenyewe kabla ya mitihani.

Mitihani ikakaribia. Asubuhi moja, ukungu ukiwa umefunga uwanja wote, ikasikika sauti ya kitu kikigonga mawe. Tap, tap, tap. Akatokea binti aliyevaa koti la kijani, mkononi ana fimbo nyeupe.

"Shikamoo, Mwalimu. Ni mimi Tusekile."

Eliamani alisahau kuitikia. Yule aliyetengeneza mfumo hakuwa akiona.

"Marahaba," alisema baadaye.

"Nimekuja kukushukuru mwenyewe. Kwa ajili ya majibu yako, kesho tunautoa. Shule zote zitachapia mitihani kwa mfumo wetu. Naomba nishike ukurasa mmoja tu, nifurahi."

Eliamani akampa ukurasa, maana angeuficha wapi? Tusekile akapitisha vidole. Mstari wa kwanza alitabasamu. Mstari wa pili vidole vilipunguza mwendo. Mstari wa tatu vikasimama.

"Mwalimu. Nukta hizi za kushoto chini zimeinuka kuliko nyingine, na baadhi zimepinda. Hii si kazi ya mashine. Nani amezitia?"

Ukungu ukaingia, ukakaa.

"Ni mimi," Eliamani akasema, na machozi yakamtoka. "Mungu anisamehe, nawe unisamehe. Haikutoka sawa hata siku moja. Kila jioni nilikuandikia uongo. Nilidhani ninakulinda moyo."

Tusekile hakupandisha sauti. "Watoto wako umewatobolea kwa mkono. Wale wa shule nyingine wangetobolewa na nani? Mtoto angekaa kwenye mtihani, asome swali lisilokuwepo, aitwe mjinga."

Tusekile akatoa simu. "Msiutoe kesho," akawaambia wenzake. "Draiva ya printa ni mbovu. Ndiyo, nina hakika. Nimeishika." Kisha akavuta kiti, akafungua kompyuta yake, akaweka vidole tayari.

"Haya, Mwalimu. Nipe yote."

Eliamani akaanza kwa woga. Akataja nukta, akataja waya, akataja printa inavyokwama ukurasa ukiwa mrefu. Namkunda akaleta chai, ikapoa pale pale. Na kila kasoro iliyotajwa, uso wa Tusekile ulizidi kung'aa, kama mtu anayefungua zawadi moja baada ya nyingine.

Funzo: Anayekuuliza ili atengeneze, usimjibu ili umfurahishe. Ukimficha kasoro kwa jina la adabu, unamtwisha mzigo mtu mwingine usiyemjua. Hata kwa Mwenyezi Mungu hatuendi kusema tu kwamba tuko salama. Basi ndugu yangu, kama yuko mtu aliyekuuliza jambo kwa nia njema nawe ukamjibu "vizuri sana" huku si vizuri, nakuomba umpigie leo umwambie ukweli.