Kwa Nini Chembe Nyeupe Humeza Ndugu Zake

Nyinyi mnaokunja uso mkiona usaha, sogeeni. Habari yake ni ya msiba.

Hapo kale, katika nchi ya Mwili, chembe iliyokufa ilibaki palepale ilipoangukia. Kimeza, mlinzi mweupe mwenye kinywa kipana, aliruhusiwa kumeza vijidudu tu, yaani wageni walioingia kwa mlango wa kidonda. Mwenyeji hamezwi bila kibali: ndivyo lilivyoamua baraza, na baraza lilipenda sana maamuzi yake.

Kimeza alikuwa na dada, Mwekundu, aliyezaliwa naye katika uboho wa mfupa mmoja. Kazi ya dada ilikuwa kubeba hewa, akiifikisha hadi kwenye ncha za vidole. Akachakaa. Ngozi yake ikaanza kufumuka, na sumu ya tumboni mwake ikawadondokea watoto wa jirani.

"Kaka, nimeze kabla sijapasuka."

"Subiri kidogo, dada. Nakwenda kukuombea kibali."

"Ukichelewa utazika mtaa mzima, wewe na vibali vyako."

Kimeza akakimbilia kwa Ini, mwenyekiti wa baraza. Ini akampongeza kwa kufuata utaratibu, akaunda kamati. Kamati ikauliza kama huyo dada ni mwenyeji kweli, na kama anakufa kweli, kisha ikaenda kula.

Aliporudi mikono mitupu, watoto wa jirani walikuwa wamelala, hawaamki. Mwekundu hakumgombeza. Alivua gauni lake, akaligeuza, akalivaa ndani nje, mishono yote ikaonekana.

"Haya. Mwenyeji gani huvaa hivi? Sasa mimi ni mgeni. Timiza sheria yako, kaka."

Kimeza akafumba macho, akammeza. Waliobaki mtaani wakapona. Kibali kilifika baadaye, kikiwa na sharti moja tu: marehemu aje mwenyewe kutia dole gumba.

Na tangu siku hiyo chembe inayokufa hugeuza vazi lake, ndani ikawa nje, na ukoo wa Kimeza huimeza bila kuuliza jina wala kuomba ruhusa ya mtu. Nao wenyewe, wakifia kidondani matumbo yamejaa maadui, hakuna kamati inayokaa wala jirani anayelia. Hurundikana palepale, weupe, wazito. Ndio huo usaha. Mnaufuta kwa pamba, mnasema "yakh", mnatupa.