Sita na Robo

Wapendwa, leo tumewaita mbele watahiniwa wetu wote: wa darasa la saba, wa kidato cha nne, na yule dada yetu wa chuo cha uuguzi anayejificha nyuma ya nguzo. Tutawaombea, msiwe na wasiwasi. Lakini kaeni kwanza niwape habari za mama mmoja. Nanyi mnaodhani mitihani yenu ilikwisha miaka ile, ninyi ndio msikilize zaidi.

Mama huyu alifanya kazi zahanati miaka kumi na moja, akipiga deki, akipanga kadi, akiwapandisha watoto wa watu kwenye mizani. Moyo wake ulitaka uuguzi. Akaingia chuoni ana miaka arobaini na miwili, akakaa dawati moja na mabinti ambao angeweza kuwazaa. Masomo yote aliyamudu, ila hesabu za dozi. Hesabu zilimtoa jasho tangu shule ya msingi. Mwaka uliotangulia alifeli karatasi hiyo hiyo, na sasa mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki mbili. Akifeli tena, basi, chuo hakina mara ya tatu.

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Mambo ya dawa hakuyajua hata kidogo, lakini alimpenda mkewe, na alimpenda kwa vitendo. Akamtafutia kijitabu cha mitihani ya miaka iliyopita. Kila alasiri alikaa kibarazani na gurudumu mapajani, akimsomea maswali, naye mama anajibu kutoka jikoni. Kurasa zilijaa alama za vidole vyenye grisi. Mume alimwita mkewe dokta, mke akamwita mumewe mwalimu.

Wakakipitia kijitabu mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya ishirini, mpaka mwalimu akawa hana haja ya kukifungua na dokta hana haja ya kusikiliza. Mume akianza tu, "Mtoto ana kilo," mke anamalizia, "Sita na robo!" Maana mtoto wa kitabuni alikuwa na kilo kumi, na jibu lake lilikuwa mililita sita na robo. Wanacheka, wanaendelea. Niambieni, nyumba ngapi hapa zina raha kama ile?

Jumamosi moja mama yuko jikoni anasonga ugali, akasikia sauti ya mumewe kutoka kibarazani, ile ile ya kila siku.

"Dokta, mtoto ana kilo nne, ana homa, chupa imeandikwa miligramu mia na ishirini kwa..."

"Sita na robo, mwalimu," akajibu, wala mwiko haukusimama.

Kisha akamsikia mumewe akirudia jibu lile polepole, kama mtu anayemwelekeza mwingine. Akasikia sauti ya mwanamke ikishukuru. Halafu kitoto kichanga kikalia.

Wapendwa, mwiko ulimponyoka mama yule. Siku hiyo hapakuwa na kijitabu. Mgeni alikuwa binti wa jirani, na huyo aliyelia ni mtoto wake wa kwanza, aliyechanjwa asubuhi. Zahanati walikuwa wamempa dawa ya homa na kumweleza kipimo, lakini njiani kikamtoka kichwani, na alipotaka kurudi wameshafunga. Akamkumbuka jirani anayesomea uuguzi. Na fundi wetu, kwa mazoea, akauliza kama alivyouliza siku zote.

Mama akatoka mbio, mikono imejaa unga. Binti alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la kupimia, na mtoto amefunguliwa mdomo. Mama akaudaka ule mkono.

"Ngoja, mwanangu. Umesema kilo ngapi?"

"Nne, shangazi. Iko kwenye kadi."

Akaketi pale pale vumbini, akaandika kwa kidole. Miligramu kumi na tano kwa kila kilo, mara nne, sitini. Chupa ina mia na ishirini ndani ya mililita tano. Sitini ni nusu yake. Akafuta, akaanza upya. Akafuta tena. Kila mara jibu lilikuwa mililita mbili na nusu, na yeye kutoka jikoni alikuwa ametaja zaidi ya mara mbili yake. (Na ninyi msiende kupimia watoto dawa kwa mahubiri yangu, kaulizeni zahanati.)

Mtoto akapewa kipimo chake, akalala. Mume alikuwa ameinama, anafuta mikono ambayo haikuwa na grisi.

"Nilikuuliza vibaya," akasema.

"Uliniuliza vizuri, mume wangu. Mimi sikukusikiliza."

Mtihani wa taifa alifaulu, ndiyo, kwa alama za kawaida tu. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa upi? Ule wa kwenye ukumbi wenye namba mezani, au ule uliopiga hodi kibarazani?

Na sisi je? Sisi tulioshika majibu yote? Mtu akianza tu, "Nyumbani kwangu," tumeshamwambia tuombe. Akisema, "Mwanangu," tumeshamfungulia andiko. Tunajibu, tena tunajibu sahihi kabisa, ila tunamjibu mtu wa kitabuni.

Msidhani nawasema ninyi. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliyefiwa na mkewe alikuja ofisini kwangu. Alianza tu, "Mchungaji, tangu mama yao aondoke," nami nikaanza habari za ufufuo. Nilisema vizuri, hata mimi nilifurahi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema amina, akachukua kofia yake akaondoka. Juzi ndipo nilipoambiwa alichokuja kuuliza. Ana binti wa miaka saba, na hajui nani atamsuka nywele kabla shule hazijafunguliwa.

Yule mama alipogundua kosa lake alitoka mbio na unga mikononi. Mimi nimekaa nalo siku mbili, naandaa mahubiri.

Shule zinafunguliwa kesho. Nani humu ndani anajua kusuka? Nyoosha mkono, mama, tutakwenda wote ibada ikiisha.