Sanamu ya Mkunga wa Lyamgunda

Mwaka ule fuvu la Mtwa Mkwawa liliporudishwa Kalenga, watu wa kijiji cha Lyamgunda nao walipanda lori wakaenda kushuhudia kwa macho yao. Walirudi wamejaa vumbi na maneno. Kijiji chao kilikuwa juu milimani, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Nyololo, na hakikuwahi kutoa mtwa, yaani mtawala, wala shujaa wa vita. Hata hivyo, Jumapili iliyofuata walipotoka kanisani waliulizana, "Sisi je, hatuna mtu wetu wa kukumbukwa?" Jibu lilipatikana papo hapo. Mama Tekla!

Tekla alikuwa mkunga. Kwa miaka thelathini mikono yake iliwapokea duniani watoto wa kijiji kile, hata wengi wa waliokuwa wamesimama pale nje ya kanisa. Alipoitwa hakuuliza habari ya mvua wala ya baridi, na baridi ya milima ile mwezi wa saba si ya kuchezea. Alifariki kwa kichomi, siku nne baada ya kuvuka mto uliofurika ili amwahi mama mmoja aliyeshikwa na uchungu. Basi wakaamua sanamu yake isimame njia panda, mahali ambapo kila apitaye angeiona.

Walimpata Jailos, mwashi hodari kutoka Rungwe aliyekuwa akizunguka kujenga makanisa. Yeye alisema, "Mikono ni yangu, saruji na chuma ni vyenu. Ila mwakani, mwezi wa nane ukiisha, nakwenda Mbeya, nina kazi inaningoja." Saruji haiokotwi. Wanakijiji wakafyeka shamba kubwa bondeni, wakaliita shamba la Tekla, wakapanda mahindi mwezi wa kumi na mbili ili mavuno yauzwe yote kwa ajili ya sanamu. Mwenyekiti wa shughuli hiyo akachaguliwa Marcelino, mwana wa pekee wa marehemu, aliyekuwa karani mjini Iringa.

Marcelino alikuwa kijana msomi, nadhifu, mwenye kuvaa viatu hata siku ya kazi. Lakini alikuwa na donda moyoni. Mama yake alipofariki, barua ilichelewa kumfikia. Alipofika nyumbani alikuta kaburi limekwisha kufukiwa siku tatu zilizopita, na hakupata kutupa hata konzi moja ya udongo. Jambo hilo lilimla ndani kwa ndani. Ndiyo maana alisimama mbele ya watu wote akaapa, "Mwaka ujao hautakwisha kabla mama yangu hajasimama njia panda!" Watu wakampigia makofi.

Mwezi wa kwanza alichukua likizo akaja kusimamia palizi. Akaita mgowe. Mgowe, kama ajuavyo kila aliyekulia nyanda zile, ni kazi ya pamoja: mwenye shamba huwaita majirani, nao huja na majembe yao, na kazi ikiisha hunywa ulanzi, pombe ya mianzi, aliouandaa mwenyeji. Marcelino aliandaa madebe manne ya ulanzi mtamu wa asubuhi. Kisha akaweka kiti ukingoni mwa shamba, akafungua mwavuli, akashika daftari, akawa anaandika majina ya waliofika na saa waliyofika.

Lea, mama wa makamo aliyekuwa kiongozi wa wapalizi, alimtazama kuanzia viatu hadi mwavuli. "Kamwene, mnyalukolo," alimsalimu, akimwita ndugu. "Jembe lako liko wapi?"

"Mimi ni mwenyekiti, mama. Kila mtu ana kazi yake."

"Haya, mwenyekiti," alisema Lea, akacheka kidogo.

Mtu wa milimani akiudhika hagombi. Huaga kwa adabu. Walipofika mstari wa tatu, mmoja alisema mgongo unamuuma. Mwingine akakumbuka kwamba ameacha moto jikoni. Wa tatu akasema ana mgeni nyumbani, ingawa kila mtu alijua hana. Kufikia saa sita mchana Marcelino alibaki peke yake na kiti chake, na madebe manne ya ulanzi yakitoa povu juani. Hakuna aliyeonja hata kikombe. Mgowe ambao ulanzi wake haukunyweka ni aibu isiyosafishika kwa sabuni.

Badala ya kujiuliza amekosea wapi, karani wetu aliongeza kosa juu ya kosa. Alikwenda kwa jumbe, akaomba tarishi apite nyumba kwa nyumba na kutangaza kwamba atakayekosa kufika shambani kesho, jina lake litasomwa barazani. Kulipopambazuka, Lyamgunda ilikuwa kimya. Wanaume walikuwa wamejificha kwenye mianzi kama siku za wakusanya kodi, na wanawake wamekwenda kutafuta kuni ambazo hawakuwa na haja nazo.

Mvua haikungoja wapatane. Baada ya wiki moja magugu yalifika magotini na mahindi yakaanza kugeuka manjano. Jailos alipita pale, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, hapa hutavuna hata mfuko mmoja wa saruji," alimwambia. Marcelino hakumzika mama yake, na sasa hata hili la kumsimamisha lilikuwa likimponyoka.

Alikwenda nyumbani kwa Lea. Mlango wa jikoni ulikuwa mfupi na ndani kulikuwa na moshi. Lea alikuwa akisonga ugali.

"Mama, nimewakosea nini?" aliuliza Marcelino akiwa bado amesimama mlangoni.

"Umetuketia kama nyapara wa shamba la chai, ndicho ulichotukosea," Lea alijibu bila kumwonea haya. "Mwenye mgowe hushika mstari wa mbele. Yeye ndiye anatangulia kutoka jasho, sisi tunamfuata. Marehemu mama yako hakuwahi kuniita kwa tarishi. Alikuja hapa hapa, akachutama, akanichochelea moto huku mimi nalia na uchungu. Wewe unataka vya watu, na shingo umeikaza. Nani atakupa?"

Marcelino akavua viatu, akaingia. "Niazime jembe, mama," alisema.

Kesho yake alfajiri alikuwa shambani, miguu peku, suruali ameikunja. Alipalilia peke yake mpaka jua likawa utosini na viganja vikatoka malengelenge. Alasiri alianza kupita nyumba kwa nyumba, jembe begani, matope mpaka magotini. Kila mlango mfupi alipiga hodi, akaingia, akakaa chini. Hakuwa na daftari. Alisema maneno yale yale kila nyumba: "Mimi sikumzika mama yangu. Naomba mnisaidie." Alipofika nyumba ya tano, kabla hajamaliza, mzee mwenye nyumba akamshika mkono akasema, "Inatosha, mwanangu. Tumesikia."

Siku iliyofuata watu walijaa shambani. Safari hii kila nyumba ilikuja na kibuyu chake cha ulanzi. Marcelino alishika mstari wa mbele, na wanawake waliokuwa nyuma yake hawakumwonea huruma.

"Karani!" alipaza sauti Lea. "Magugu ni hayo uliyoyaacha. Hayo uliyoyakata ni mahindi!"

Shamba zima likaangua kicheko, na Marcelino akacheka kuliko wote. Walipiga palizi kwa nyimbo, wakamaliza siku ya pili kabla ya jua kuzama. Mwezi wa saba walivuna mahindi, magunia yakajaa lori la kwenda Nyololo, na saruji na chuma vikapanda mlima.

Jailos aliposuka chuma aliuliza, "Nimfanye amesimamaje?"

Marcelino aliwahi kuona masanamu mjini Dar es Salaam. Alitaka mama yake asimame wima, kichwa juu, mkono kifuani. Lakini wanawake walipoambiwa wamweleze mwashi namna Tekla alivyosimama, walitazamana.

"Sisi tulikuwa tumelala mikekani," alisema Lea. "Kila tulipofumbua macho tulimwona ameinama. Akisimama, mimi simjui."

"Nikimwinamisha," Jailos alionya, "apitaye njiani ataona mgongo na kitambaa cha kichwa. Uso hatauona."

Wote walimgeukia mwenyekiti. Yule Marcelino wa mwezi wa kwanza angelisema neno lake likawa ndilo. Huyu wa sasa alifikiri kidogo, akasema, "Mfanye kama walivyomwona."

Siku ya kuifunua, mwishoni mwa mwezi wa nane, watu walikuja hata kutoka vijiji vya mbali. Shuka ilipovutwa, ilionekana sanamu ya mwanamke aliyeinama, mikono miwili mbele tayari kupokea. Wageni walinyoosha shingo, wakazunguka huku na huku wakiutafuta uso. Hawakuuona.

Marcelino alivua kofia. Akasogea mpaka miguuni pa sanamu, akapiga magoti udongoni akiwa na suti yake nyeusi, akaiingiza shingo chini ya ile mikono miwili na kuinua macho. Mama yake alikuwa akimtazama. Akalia bila kujificha, mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile imfikie moyo wake ukatulia. Alipoinuka, nyuma yake palikuwa na mstari mrefu wa watu wanaosubiri zamu ya kupiga magoti, na jumbe mwenyewe alikuwa wa tatu. Kweli, ukitaka cha mvunguni, sharti uiname.