Nyasi za Mzee Kahangwa

Mshika mbili moja humponyoka. Maana yake, anayeng'ang'ania mambo mawili kwa wakati mmoja hupoteza mojawapo. Dativa wa Kibeta aliijua methali hii tangu shule ya msingi, akaiandikia na insha, ila hakuwahi kudhani kwamba inamhusu.

Dativa alikuwa fundi wa kuhariri picha kwa kompyuta, mwenye kujiamini kupita kiasi. Siku moja Ma Kokubanza, mjane wa Buganguzi, alimletea picha ya msonge, ile nyumba ya duara ya nyasi, iliyochorwa na marehemu mumewe, Mzee Kahangwa. Aliitaka kwenye pakiti za kahawa ya familia. Pakiti ilikuwa ndefu na nyumba ilikuwa fupi.

"Refusha umbo, waitu," alisema kwa adabu ya Kihaya, "lakini mkono wa mume wangu, hii michirizi ya brashi, usiuguse. Ukipotea, sina mwingine."

"Ondoa shaka, mama!" Dativa akaiamuru programu irefushe nyumba na papo hapo ing'arishe rangi. Nyumba ilirefuka vizuri sana. Nyasi nazo zikawa laini, hazina hata alama moja ya brashi.

Ma Kokubanza akavaa miwani. "Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Mume wangu hakuchora sufuria."

Dativa akajaribu tena yote kwa pamoja, umbo na brashi. Alama za brashi zilirudi, nyumba ikabonyea upande. Mara ya tatu mlango ukaota nyasi. Mjane alicheka hadi akatoka machozi, kisha kicheko kikakatika, machozi yakaendelea.

"Nirudishie picha yangu, mwanangu. Humo angalau mume wangu yumo."

Dativa aliumia moyoni. "Nipe nafasi moja tu, mama."

"Haya. Ila niambie, kwenu mlikuwa mnaezeka huku mnasimika fito?"

"Hapana, mama. Fito kwanza."

Akayasikia maneno yake mwenyewe, akaona haya. Basi akatenga umbo na michirizi ya brashi, kila kimoja peke yake. Alirefusha kwanza umbo tupu la kijivu, lisilo na unyasi hata mmoja, mpaka mjane akaridhika. Akalifunga lisisogee tena. Ndipo akaliezeka kwa michirizi ya mzee, kuanzia chini kwenda juu.

Ma Kokubanza akasogelea kioo cha kompyuta, akagusa doa dogo juu ya mlango.

"Hapa alipiga chafya, brashi ikamponyoka," alisema, uso umemchangamka. "Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Ni yeye! Wakola, asante, mwanangu!"

Dativa alifurahi kuliko siku aliyopata cheti chake. Tangu hapo humaliza la kwanza ndipo ashike la pili, kwani amejionea mwenyewe kuwa mshika mbili moja humponyoka.