Njia ya Nyamizi Angani

Enzi zile anga lilipokuwa bado na utiifu, nyota mbili zikioana zilizungukana kwa duara safi kama mdomo wa chungu. Ndivyo walivyoishi Nyamizi na mumewe Mihambo. Kila mzunguko Nyamizi alipita mara moja nyuma ya mume, akafichika, na hapo Mzee Ng'wandu, mpiga ngoma wa anga, alitangaza: "Nimemwamuru mke ainame, ameinama!"

Nyota zikapiga vigelegele. Nyamizi alijua hajaamriwa na mtu. Mzee alihesabu siku tu, basi. Hilo alilivumilia, maana wazee wenye ngoma ni wengi. Lakini siku moja Ng'wandu akaongeza, "Na mwanga wenyewe si wake. Ameazima kwa mumewe."

"Kama ni wa kuazima," Nyamizi akauliza mbele ya wote, "mbona nikifichika nyumba yetu inafifia?"

"Mke wa Mihambo, usibishe ngoma," Mzee akaonya. "Anayeacha duara hutupwa gizani peke yake."

"Haya, babu. Tutaona."

Mzunguko uliofuata aliivuta njia yake ikawa ndefu kama yai. Karibu na mume alikimbia. Mbali alijikokota, akingʼaa. Ngoma ikalia, Nyamizi hajafika. Ikalia tena.

"Babu, unamwamuru nani?" nyota moja ikacheka.

Mihambo akamwita mkewe. "Nyamizi, watatutenganisha!"

"Nani? Nimeacha duara, sijakuacha wewe. Nishike."

Akamshika, na hakuna aliyeweza kuwabandua.

Ng'wandu hakuwa mjinga. Aliipima njia mpya kimyakimya, akahesabu upya, na baada ya mizunguko kadhaa Nyamizi akasikia "Ameinama!" palepale alipokuwa akifichika. Ikamkera hasa. Basi kila alipofunga mzunguko, aliusogeza mwelekeo wa lile yai kidogo, kiasi cha ukucha. Mihambo akavutwa naye, akinung'unika, kisha akazoea, kisha akaanza kusukuma.

Na tangu siku hiyo njia yao hailali upande mmoja. Hugeuka polepole, miaka kwa miaka; kufifia kumoja huwahi, kwingine hukawia. Wenye darubini huandika majira ya kufifia huko, wakafuta, wakaandika tena. Nyamizi naye hupita nyuma ya mumewe anapofika mwenyewe, si anapoitwa na ngoma, akatokea upande wa pili na mwanga wake wote.